Kiharusi: Kabla ya kumsingizia jini, utazame moshi

Katika mitaa yetu habari za kiharusi husimuliwa karibu kwa namna moja. Mzee ameamka mzima, ameswali Alfajiri msikitini, amekunywa chai yake na akatoka kwenda katika shughuli zake. Jioni amerudi, amekaa barazani, mara kikombe kinamponyoka. Mdomo unakwenda upande, maneno hayaeleweki, mkono na mguu wa upande mmoja havina nguvu. Hapo ndipo mjadala wa jamaa unapoanza. Huyu anasema mzee kapigwa na upepo, yule anasema kakanyaga kitu, na mwingine anamtaja jirani waliyekuwa wakigombania naye mpaka wa kiwanja.

Haya si maneno ya barazani tu. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, ulibainisha kuwa wakazi wa Dar es Salaam walikuwa wakikihusisha zaidi kiharusi na mashetani na uchawi, wakati wale wa Hai walitaja pia sababu za kawaida za mwili. Yaani mjini, penye hospitali nyingi, ndiko jini alikosingiziwa zaidi.

Makala hii haikusudii kukanusha kuwepo kwa majini. Majini wapo na Muislamu hana shaka katika hilo. Lakini kuwepo kwao hakumaanishi kuwa kila upande wa mwili unapolala, basi jini ndiye aliyeulaza. Na ajabu ni kwamba wazee wetu waliposema mtu "kapigwa na upepo" hawakuwa mbali sana na jambo ambalo wataalamu wa tiba wamelithibitisha katika miaka ya karibuni: kwamba hewa anayoivuta mtu leo, ikiwa ni chafu, inaweza kumuongezea hatari ya kupatwa na kiharusi leo hii, kesho au keshokutwa. Tunazungumzia saa na siku chache, mbali na ile hatari ya kuvuta moshi kwa miaka 20 ambayo wengi tunaifahamu.

Kiharusi ni nini?

Kwa ufupi, kiharusi ni maradhi ya ubongo yanayotokana na hitilafu katika mishipa ya damu. Kipo cha aina mbili. Aina ya kwanza, ambayo ndiyo inayotokea zaidi, ni pale mshipa unapozibwa na donge la damu, sehemu ya ubongo ikakosa damu na ikaanza kufa. Aina ya pili ni pale mshipa unapopasuka na damu kuvujia ndani ya kichwa. Upande wa mwili unaolala ni ule uliokuwa ukiamriwa na sehemu ya ubongo iliyodhurika. Ndiyo maana mtu mmoja hupoteza kauli na mwingine akabaki na kauli yake lakini mguu ukakataa.

Sababu kubwa za kiharusi zinajulikana: presha, kisukari, sigara, maradhi ya moyo, mafuta mengi katika damu. Presha ndiyo kinara wao. Hewa chafu haikuja kuipokonya presha nafasi yake. Inachofanya ni kumkuta mtu ambaye mishipa yake tayari ni dhaifu, halafu ikamsukuma. Mwenye mishipa mizima anaweza kupita katika moshi ule ule akakohoa tu na kwenda zake.

Mwaka 2010 jarida moja la tiba lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika hapa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006. Katika kila watu 100,000, wilaya ya Hai ilikuwa na watu wapatao 109 kwa mwaka waliopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza. Dar es Salaam walikuwa 316, karibu mara tatu. Hesabu hizo zilikuwa tayari zimesawazishwa kwa umri, kwa hiyo si kwamba mji ulikuwa na wazee wengi zaidi. Utafiti ule haukupima hewa, na haitakuwa haki kudai kuwa tofauti yote hiyo ililetwa na moshi wa mjini, kwani maisha ya mjini yana mengi: chumvi, mafuta, kukaa kitako, mawazo, na presha isiyopimwa. Lakini unapojua ambayo wataalamu wameyagundua kwingineko, huwezi tena kuitoa hewa katika orodha ya watuhumiwa.

Siku moja tu yatosha?

Kwamba hewa chafu ya siku chache inaweza kuua si habari mpya. Mwezi Desemba mwaka 1952 mji wa London ulifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe kuanzia tarehe 5 hadi 9. Siku tano tu. Hesabu ya awali ilisema watu wapatao 4,000 walikufa kwa sababu yake, na wachambuzi wa baadaye wakasema idadi halisi inaweza kufika 12,000. Serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya hewa safi mwaka 1956. Wakati ule macho yalielekezwa zaidi katika mapafu na moyo. Suala la ubongo lilikuja kuchunguzwa kwa kina baadaye.

Huko Boston, Marekani, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 1,705 waliolazwa hospitali kwa kiharusi cha mshipa kuziba kati ya mwaka 1999 na 2008. Kilichoupa uzito utafiti huo ni kwamba hawakutosheka na tarehe ya kulazwa, bali walitafuta saa ambayo dalili zilianza, kisha wakalinganisha na vipimo vya hewa vya kila saa. Walikuta kuwa baada ya saa 24 za hewa ambayo serikali ya nchi hiyo inaiweka katika daraja la "wastani", hatari ya kiharusi ilikuwa juu kwa asilimia 34 kuliko baada ya saa 24 za hewa "nzuri". Na uhusiano ulikuwa mkubwa zaidi kwa uchafu uliokuwepo hewani saa 12 hadi 14 kabla ya dalili kuanza. Ebu litafakari jambo hili: moshi wa asubuhi, kiharusi cha usiku. Na tukumbuke kuwa hewa ambayo kule wanaiita ya wastani, katika barabara zetu nyingi wakati wa msongamano ingeonekana ni safi.

Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walikusanya tafiti kutoka nchi 28, zenye jumla ya matukio milioni 6.2 ya kulazwa au kufa kwa kiharusi. Nao walikuta jambo lile lile: uhusiano una nguvu zaidi siku ile ile ya kuvuta hewa chafu, na kwa zile chembe ndogo sana za moshi athari huendelea kwa siku kadhaa. Waligundua pia kuwa uhusiano huo ulikuwa mkubwa zaidi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sisi tumo humo.

Kisha mwaka 2023 ukatoka uchambuzi mwingine, safari hii kutoka Chuo Kikuu cha Jordan mjini Amman. Watafiti wake walichanganya tafiti 110 zenye wagonjwa wa kiharusi zaidi ya milioni 18, na wakaangalia siku tano tu baada ya kuvuta hewa chafu. Waliovuta kwa wingi gesi ya naitrojeni dayoksaidi, inayotoka hasa katika magari, walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 28. Kwa kaboni monoksaidi ilizidi kwa asilimia 26, na kwa chembe ndogo za moshi na gesi ya salfa dayoksaidi ilizidi kwa asilimia 15 kila moja. Kwa gesi ya ozoni ilikuwa asilimia 5. Hatari ya kufa kwa kiharusi nayo ilipanda: salfa dayoksaidi iliipandisha kwa asilimia 60.

Msomaji makini atauliza, mbona wale wa Edinburgh walitaja nyongeza ndogo, ya asilimia 1 au 2 tu? Jibu ni kuwa wao walihesabu kwa kila hatua ndogo ya uchafu kuongezeka, kwa mfano maikrogramu 10 za chembe ndogo katika mita moja ya ujazo wa hewa, na hewa ya miji yetu haipandi kwa hatua moja tu. Pia ni vyema ikaeleweka kuwa asilimia hizi ni nyongeza juu ya hatari ambayo mtu anayo tayari. Kijana wa miaka 20 asiye na maradhi, ukimuongezea asilimia 28 juu ya hatari yake ndogo sana, bado hatari yake ni ndogo sana. Mama wa miaka 60 mwenye presha ya 180, aliyeacha dawa tangu mwezi uliopita, huyo nyongeza hiyo hiyo si jambo la mzaha. Na kasoro moja ya tafiti hizi lazima itajwe: nyingi zilifanyika katika nchi tajiri, na Afrika tumo kwa uchache mno.

Moshi unafikaje kichwani?

Watu wengi wanadhani moshi ukiingia puani unaishia kifuani. Chembe zile kubwa za vumbi ni kweli hunaswa puani na kooni, tukazitoa kwa kupenga na kukohoa. Shida ni chembe ndogo, zile zenye kipenyo cha maikromita 2.5 kushuka chini. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuzishinda kwa mara 30 hivi. Hizi hupita pote na kufika katika vifuko vya mwisho vya mapafu, pale hewa inapokutana na damu, na zile ndogo kabisa zinaweza kupenya na kuingia katika damu yenyewe.

Mwili unaziona kama adui. Mapafu yanawaka, na kemikali za mwako huo zinasambaa mwilini. Damu inakuwa nyepesi kuganda. Mishipa inapoteza ulaini wake na kujikaza, na presha inapanda. Mapigo ya moyo nayo yanaweza kuvurugika, na moyo unaopiga bila mpangilio hutengeneza madonge ya damu ambayo hurushwa hadi kwenye ubongo. Mambo haya hayahitaji miaka. Kuna majaribio ambapo watu wazima wa afya walijitolea kukaa katika chumba maalum na kuvuta moshi wa dizeli uliochanganywa na hewa kwa muda wa saa moja hadi mbili, chini ya uangalizi wa madaktari. Saa chache baadaye damu yao ilipopimwa ilionekana kuganda kwa wepesi zaidi kuliko walipovuta hewa safi. Saa moja ni sawa na safari ya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo siku yenye foleni.

Kaboni monoksaidi ina njia yake. Gesi hii haina rangi wala harufu, hutoka kwenye mkaa, jenereta na magari, na kazi yake ni kuikalia damu ili isibebe oksijeni. Ikiwa nyingi huua mtu usingizini, na ndivyo zinavyoangamia familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi. Ikiwa kidogo haiui, lakini inaupunguzia ubongo na moyo oksijeni, na kwa mwenye mishipa iliyosinyaa upungufu huo ni mzigo.

Hewa chafu iko wapi?

Tukitaja hewa chafu watu huelekeza kidole barabarani na viwandani. Ni sawa, na serikali ilikwishaweka kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007, ambazo tunayo haki ya kudai zisimamiwe. Lakini kwa familia nyingi za Kiislamu moshi mwingi zaidi uko nyumbani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani, unaotokana na kuni, mkaa, kinyesi cha wanyama na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Karibu robo ya vifo hivyo, asilimia 23, vilikuwa vya kiharusi. Shirika hilo linasema katika nyumba isiyopitisha hewa vizuri, chembe ndogo zinaweza kuzidi kiwango kinachokubalika kwa mara 100. Kiwango chenyewe, kwa mujibu wa mwongozo wake wa mwaka 2021, ni maikrogramu 15 kwa saa 24.

Anayeumia zaidi ni nani? Ni mama na binti, wanaokaa karibu na jiko, na wazee na watoto wachanga wanaokaa karibu na mama. Mwezi wa Ramadhani hali inazidi. Kuanzia Alasiri jiko halizimwi: uji, maharage, mihogo, tambi, sambusa. Baba anarudi Magharibi, anakuta kila kitu kipo mezani, moshi hakuuona. Kisha saa 9 usiku jiko linawashwa tena kwa ajili ya daku, mara nyingi ndani ya chumba kwa kuogopa kutoka nje.

Mkaa una hila yake. Kwa kuwa hautoi moshi mwingi machoni kama kuni mbichi, watu wanadhani ni salama. Lakini mkaa hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na ule muda wa kuuwasha ndio mbaya zaidi, hasa kwa wale wenye tabia ya kuwashia plastiki au kipande cha mpira. Atakayeweza, awashe jiko uani na aliingize ndani pale tu makaa yote yanapokuwa mekundu, na hata hapo dirisha na mlango viwe wazi. Kamwe lisilale chumbani na watu.

Yapo mengine ambayo ni yetu wenyewe. Siku ya walima au maulidi, masufuria ya pilau yanapangwa uani juu ya kuni tangu asubuhi. Wapishi wanafukizwa, na mara nyingi ndipo hapo hapo bibi anapotengewa mkeka ili asimamie viungo visiibiwe. Bibi mwenye presha, saa sita ndani ya moshi. Si kwamba pilau isipikwe, la hasha. Mkeka wa bibi uhamishiwe upande upepo unakotokea, na viungo asimamie mjukuu.

Udi na ubani pia vina maneno. Mtume (s.a.w.) alipenda manukato, na kufukiza ni jambo jema katika nyumba zetu. Lakini moshi wa udi ni moshi, na ndani ya chetezo mna kaa la moto. Nchini Singapore watafiti waliwafuatilia kwa miaka mingi watu wazima zaidi ya 63,000 wa jamii ya Kichina, ambao desturi yao ni kuchoma ubani nyumbani karibu kila siku. Mwaka 2014 walitangaza kuwa wachomaji walikuwa na hatari ya kufa kwa kiharusi iliyozidi kwa asilimia 19 kuliko wasiochoma. Hiyo ni athari ya muda mrefu na ya kila siku, tofauti na sisi tunaofukiza Alhamisi jioni. Hata hivyo chumba alicholala mgonjwa au mzee kisifukizwe huku madirisha yamefungwa. Nguo zinaweza kufukizwa peke yake juu ya tenga, zikaletwa ndani zikinukia.

Na misikitini? Umeme ukikatika jenereta linawashwa, na katika misikiti kadhaa limewekwa mlangoni au chini ya dirisha la upande wa akina mama, kwa kuwa ndipo penye nafasi. Dini yetu imemkataza aliyekula kitunguu saumu kibichi asije msikitini akawaudhi wenzake kwa harufu. Sasa harufu ya kitunguu haimdhuru mtu, inamkera tu. Moshi wa jenereta unamdhuru. Kamati za misikiti zilifikirie hili, kwani bomba la futi chache la kuutoa moshi nje na juu halina gharama kubwa kuliko zulia.

Uchomaji wa taka nao umezoeleka: Magharibi kila mwenye uwanja anakusanya majani, nepi na chupa za plastiki anawasha moto, moshi unaingia kwa jirani ambaye pengine ndiye mgonjwa. Haki za jirani tunazisikia kila Ijumaa kwenye mimbari. Hii ni mojawapo, na waumini wengi hawaihesabu.

Kumlinda aliye hatarini

Nyumba yenye mtu wa presha, kisukari, maradhi ya moyo, au aliyewahi kupata kiharusi, inapaswa kuwa na utaratibu wake. La kwanza kabisa si moshi bali dawa. Dawa ya presha haiachwi kwa sababu mtu "anajisikia vizuri", na mwezi wa Ramadhani hauifuti: muulize daktari wiki kadhaa kabla, akupangie ya futari na ya daku, au akueleze kama hali yako haikuruhusu kufunga. Mtu mwenye presha iliyotulia ana kinga hata siku ya moshi.

Pili, mtu huyo asiwe mpishi mkuu wa kuni au mkaa ikiwa yupo mwingine. Na kwa kuwa mara nyingi mpishi huyo ni mama yetu asiyetaka kuacha jiko lake, hapa vijana wa kiume nao wanahusika. Kama uwezo upo, fedha ya kwanza iende kwenye mtungi wa gesi kabla ya televisheni kubwa. Serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Madrasa na vituo vya mayatima vyenye idadi hiyo vimo katika agizo hilo. Tunajua pia kuwa mwenye kununua mkaa kwa kopo hana fedha ya kujaza mtungi kwa mara moja. Huyo atafute kuni zilizokauka, apikie uani au chini ya paa lililo wazi pande mbili, na aloweke maharage tangu usiku ili yawive kwa muda mfupi. Kila nusu saa ya moto inayopungua ni nusu saa ya moshi iliyopungua.

Tatu, safari. Mzee mwenye kliniki asisafirishwe kwenye bodaboda nyuma ya malori saa za msongamano kama ipo njia nyingine au saa nyingine. Matembezi ya mazoezi ni dawa ya mishipa, ila yafanyike mitaa ya ndani baada ya Alfajiri badala ya pembeni mwa barabara kuu. Kujifunika leso au mtandio kunazuia vumbi, chembe ndogo hapana. Barakoa zinazozizuia ni zile nene za aina ya N95, zikivaliwa zikabana vizuri.

Sigara na shisha ndani ya nyumba havina hata haja ya mjadala.

Kikishatokea

Hapa ndipo maisha yanapookolewa au kupotea. Tazama mambo matatu: mwambie mgonjwa atabasamu, uone kama uso umekwenda upande, ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka, aseme sentensi fupi, hata Shahada, usikie kama kauli imeharibika. Likionekana moja kati ya hayo, ni hospitali. Hata kama dalili zimepotea baada ya robo saa ni hospitali vile vile, kwa sababu hiyo mara nyingi ni onyo la kiharusi kikubwa kinachofuata.

Wataalamu wamekadiria kuwa katika kiharusi cha mshipa mkubwa kuziba, ubongo hupoteza seli milioni 1.9 kila dakika moja. Ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na baada ya kipimo cha CT, kwa kuwa ikiwa mshipa umepasuka dawa hiyo itaongeza kuvuja. Si kila hospitali nchini inayo. Lakini hata pasipo dawa hiyo, hospitali itapima sukari, ambayo ikishuka huleta dalili zinazofanana na kiharusi, itaangalia presha, itampa oksijeni anayeihitaji na kumkinga asipaliwe.

Usimpe chakula, maji, asali wala kidonge chochote mdomoni, hata aspirini, kwani anaweza kupaliwa, na aspirini ni hatari kama mshipa umepasuka. Usimpe dawa ya presha ya mtu mwingine. Mlaze kwa ubavu. Na kitu kimoja kinachofanyika sana katika nyumba zetu kikomeshwe: kumfukiza mgonjwa. Anafunikwa blanketi, chini yake kunawekwa kaa lenye majani, magome au pembe ili upepo umtoke. Ubongo unaokosa oksijeni unaongezewa kaboni monoksaidi na moshi. Anayetaka kumsomea mgonjwa Qur'an amsomee, ni jambo la kheri, na inasomeka vizuri tu ndani ya gari linaloelekea hospitali. Mtume (s.a.w.) ametuelekeza tujitibu, na aliyeleta maradhi ndiye aliyeleta dawa yake.

Anayeongozana na mgonjwa aandike saa ambayo alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwani ndilo swali la kwanza la daktari. Akutwe ameamka asubuhi katika hali hiyo, basi saa ya kuandika ni ile aliyopanda kitandani usiku, na si ile aliyokutwa. Achukue pia dawa zote anazotumia mgonjwa, ziwe za hospitali au za miti shamba. Na daktari akiuliza mgonjwa alikuwa wapi na akifanya nini siku ile na jana yake, msimfiche habari ya jiko la mkaa chumbani au jenereta dirishani. Gesi ya mkaa nayo ina tiba yake, lakini daktari hawezi kuinusa.